RV ngapi ziko angani? Hesabu ngumu ya ndege zinazoundwa gereji

Van's Aircraft ni kampuni ya mji mdogo wa Aurora, jimbo la Oregon, Marekani. Inauza ndege, ila mteja akifungua makreti haoni ndege. Anaona mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, mifuko ya ribiti, michoro na kitabu cha maelekezo. Injini, propela na vyombo vya rubani hununuliwa kando. Kazi iliyobaki ni yake mwenyewe: jioni akitoka kazini, Jumamosi, sikukuu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Wapo wanaomaliza haraka, wapo waliozeeka nayo gereji. Siku ikifika, mkaguzi anapitia kila kona, anatia saini, na mtambo ule unapaa.

Ndege hizi huitwa RV, herufi za mwanzo za jina la mwasisi wa kampuni, Richard VanGrunsven. RV-3 yake, ya kiti kimoja, iliruka mara ya kwanza mwaka 1971. Baadaye zikaja RV-4 na RV-6 za viti viwili, halafu 7, 8, 9, RV-10 ya viti vinne, 12 na 14. Hakuna familia nyingine ya ndege za seti iliyokamilishwa na kurushwa kwa wingi kama hii. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba RV ya 10,000 imeruka, na kufikia 2023 hesabu ilikuwa imepita 11,000.

Sasa swali: leo hii, RV zinazoruka ni ngapi?

Mwenye haraka atajibu 11,000 na kuendelea na shughuli zake. Lakini namba hiyo haijibu swali tulilouliza. Inajibu swali jingine: ni RV ngapi zimewahi kuruka, hata mara moja, tangu biashara ianze? Mwundaji akimaliza na kurusha ndege yake, huipelekea kampuni taarifa, kwa kawaida na picha, na kampuni inaongeza moja. Ndege hiyo ikianguka mwaka unaofuata, hakuna anayepunguza moja. Mwenyewe akifariki na warithi wakaiacha banda la uwanjani matairi yakaisha upepo, hakuna anayepunguza. Upande wa pili, wako walioruka bila kumwambia mtu, hao hawamo kabisa. Kwa hiyo ni namba inayopanda tu, haishuki, na hata kupanda kwake kunategemea nani alijisumbua kuandika.

Kuna anayeweza kuuliza hesabu hii ina faida gani, ziwe 11,000 au 7,000. Faida iko kwenye usalama. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa ripoti iliyosema kwamba ndege za kujiundia zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege zote za nchi hiyo zilizo nje ya mashirika ya abiria na jeshi, lakini katika mwaka 2011 zilibeba takriban asilimia 15 ya ajali na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Ajali huhesabika vizuri, maana ajali ina mahali, tarehe na faili. Kinachoyumba ni ile asilimia 10. Tuseme aina fulani ya ndege imepata ajali 50 kwa mwaka. Kama zinazoruka ni 10,000, hizo ni ajali 5 kwa kila ndege 1,000. Kama zinazoruka kweli ni 6,000, zimekuwa zaidi ya 8. Ndege ni zilezile, marubani ni walewale, ajali ni zilezile, ila sasa mwenye kampuni ya bima anapandisha malipo na mke wa mwundaji anaanza kuuliza maswali. Anayetaka kuitetea ndege yake hupenda idadi kubwa ya ndege zinazoruka, ile ya kugawia ajali, anayetaka kuiponda hupenda ndogo. Ndiyo maana ni vizuri kujua namba hizo zinatoka wapi.

Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni kuhesabu seti zilizouzwa. Van's huuza kwa awamu: mkia kwanza, halafu mabawa, halafu kiwiliwili, halafu vya kumalizia. Mkia ndio wa bei nafuu, na ndio mtego. Wengi hununua mkia kwa msisimko wa mwezi mmoja, wanaugonga ribiti mpaka nusu, kisha mtoto anazaliwa, kazi inabadilika, au wanagundua kwamba walipenda wazo la kuunda kuliko kuunda kwenyewe. Ni kama viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam: ukihesabu saruji iliyouzwa utadhani mji umejaa, kumbe nusu yake ni maboma yasiyo na paa. Kila seti ina namba yake ya mfululizo, za RV-7 zinaanza na 7 na za RV-10 zinaanza na 4, lakini namba hiyo hutolewa mtu anapoanza. Haimwambii mtu yeyote kama alimaliza.

Hapo wapenzi wa takwimu hupenda kuleta hadithi ya vifaru vya Wajerumani, na mimi nitaileta pia kwa sababu ni nzuri, kisha nionyeshe inapokwama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani walitaka kujua Ujerumani inaunda vifaru vingapi kwa mwezi. Wapelelezi walisema vingi mno. Wanatakwimu wao walikusanya namba zilizogongwa kwenye sehemu za vifaru vilivyotekwa au kuharibiwa, wakafanya hesabu. Mantiki yake ni nyepesi: kama vitu vimepewa namba kuanzia 1 kwenda juu, nawe umeviona vitano tu, na namba kubwa kati ya hivyo ni 60, basi jumla yake huenda imepita 60 kidogo. Unachukua ile kubwa, unaigawa kwa idadi ya ulivyoviona, 60 kwa 5 ni 12, unajumlisha, unatoa 1. Jibu ni 71. Kwa Agosti 1942 wapelelezi walikadiria vifaru 1,550, wanatakwimu walisema 327. Vita vilipokwisha na nyaraka za Wajerumani kufunguliwa, ilionekana vilikuwa 342.

Ukiileta hesabu hiyo kwenye RV, itakupa kwa usahihi wa kupendeza idadi ya mikia iliyouzwa. Basi. Kifaru kilipewa namba kikiwa kinatoka kiwandani kizima; RV hupewa namba ikiwa bado ni wazo. Halafu mwundaji akienda kusajili, hana ulazima wa kutumia namba ya seti. Wengine huandika namba ya Van's, wengine huandika 001, maana kwao hiyo ndiyo ndege ya kwanza waliyounda. Wala hawajakosea.

Hilo la mwisho lina mzizi wa kisheria, na ndilo linaloharibu njia ya pili, yaani daftari la usajili. Marekani inaruhusu mtu kuunda ndege yake chini ya daraja la majaribio, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi, watu huiita asilimia 51, imefanywa na watu wasio wa kiwanda, kwa kujifunza au kujiburudisha. Matokeo yake ni kwamba mtengenezaji, kwa mujibu wa sheria, si Van's. Ni yule bwana au bibi wa gereji. Kwenye daftari la mamlaka ya anga, FAA, ndege ya kiwandani kama Cessna imeandikwa Cessna. RV mara nyingi imeandikwa jina la mtu.

Daftari hilo liko wazi. Mtu yeyote anaweza kulipakua bure na kulifungua kwenye kompyuta. Hapo ndipo utaona sinema. Safu ya mtengenezaji ina majina ya familia kwa maelfu. Safu ya modeli ina RV-6, RV6, RV 6, RV-6A, VANS RV-6, VAN'S RV6A, na wengine wameweka kistari mahali pasipotarajiwa. Ukitafuta RV6 peke yake unazikosa zenye kistari. Ukitafuta RV-1 ili uipate ile moja ya kale ambayo VanGrunsven aliitengeneza kwa kuibadili ndege ya mtu mwingine, zinakuja zote za RV-10, RV-12 na RV-14. Ukikata tamaa ukatafuta herufi RV popote zilipo, unaletewa Harvard, ndege ya mafunzo ya zama za vita, kwa sababu H-A-R-V-A-R-D ina RV katikati. Na ukipeleka utafutaji huo kwenye safu ya mtengenezaji, kila mzee Harvey aliyeunda ndege ya aina yoyote anaingia kwenye hesabu yako. Kisha kuna walioamua kuipa ndege jina lao, bila RV wala Van's popote, jambo ambalo sheria inawaruhusu. Hao huwezi kuwapata kwa utafutaji wa maneno hata ukeshe.

Kazi ya kusafisha orodha hiyo ni ya mikono. Husaidia kuchuja kwanza zile zilizosajiliwa kama ndege za kujiundia, kisha kuangalia aina ya injini, idadi ya viti, na kama ina tarehe ya cheti cha kuruka. Tarehe hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana: watu husajili ndege miezi kadhaa kabla ya ukaguzi ili wapate namba ya kupaka mkiani, na ndege yenye namba lakini isiyo na cheti bado iko gereji.

Ukishasafisha, bado hujafika. Daftari linakuambia ndege ipi ina mwenyewe kisheria. Kuruka ni habari nyingine. Kabla ya 2010 usajili wa Marekani haukuwa na kikomo, na FAA yenyewe ilikadiria kwamba karibu theluthi moja ya rekodi zake 357,000 zilikuwa na kasoro: anwani za zamani, wenye ndege waliokufa, ndege zilizokwisha kuwa vyuma chakavu. Kuanzia Oktoba 2010 ikawa lazima kusajili upya kila miaka mitatu, na majina mengi yakafutika. Ilikuwa hatua nzuri. Mwaka 2023 muda huo ukaongezwa hadi miaka saba, na kwa mhesabuji hiyo ni hasara, ingawa naelewa kwa nini wenye ndege walishangilia. Ndege inaweza kuanguka leo na jina lake likabaki safi daftarini mpaka mtoto aliyeanza darasa la kwanza anapofanya mtihani wa darasa la saba.

Ungedhani ukaguzi wa kila mwaka ungesaidia. Unafanyika kweli: kila baada ya miezi 12 ndege ya kujiundia lazima ikaguliwe, na mwundaji mwenyewe anaweza kupata cheti cha kuikagua. Lakini matokeo huandikwa kwenye kitabu cha ndege, nacho hukaa kwa mwenye ndege. Hakuna nakala inayokwenda Washington. Uingereza wana mpangilio tofauti. Huko ndege hizi huruka kwa kibali kinachohuishwa kila mwaka kupitia chama cha Light Aircraft Association, na yeyote anaweza kuona kibali cha ndege fulani kinaisha lini. Kwa hiyo ukitaka kuhesabu RV zilizo hai za Uingereza, kazi ni ya mchana mmoja. Bahati mbaya nyingi ziko Marekani.

FAA nayo inalijua tatizo hili, na kila mwaka hufanya utafiti wa sampuli: inawaandikia wenye ndege na kuwauliza mwaka uliopita waliruka saa ngapi. Ndege iliyoruka walau saa moja inahesabiwa kuwa hai. Saa moja kwa mwaka! Kwa kipimo hicho, ndege iliyozunguka uwanja mara tatu mwezi wa Juni na kurudishwa bandani inalingana na ile inayovuka majimbo kila wiki. Tena utafiti hutegemea wanaojibu, na aliyeacha kuruka hana hamu ya kujaza fomu kuhusu ndege inayomkera kila akipita karibu na banda. Isitoshe, matokeo yanazungumzia ndege za kujiundia kwa jumla. Kwa chapa moja kama RV hayakati kiu.

Mambo yalibadilika kweli tarehe 1 Januari 2020. Kuanzia siku hiyo, ndege zinazotaka kuingia sehemu nyingi za anga zinazoongozwa nchini Marekani lazima ziwe na kifaa cha ADS-B, ambacho hutangaza mahali ndege ilipo takriban kila sekunde. Mawimbi hayo hayajafungwa. Mtu mwenye antena ndogo darini anayapokea, na maelfu ya watu hufanya hivyo na kuunganisha wanachopokea. Kila tangazo lina msimbo wa ndege, na kwa Marekani msimbo huo hukokotolewa kutoka kwenye namba ya usajili, ile inayoanza na N kama ya Kenya inavyoanza na 5Y na ya Tanzania na 5H. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kuchukua orodha yake iliyosafishwa ya RV, akaipitisha kwenye mwaka mzima wa matangazo, na kuona zipi zilionekana angani. Kwangu mimi huu ndio ushahidi bora uliopo. Hauulizi mtu chochote wala hausubiri fomu.

Lakini nao una matundu. RV-4 ya zamani inayoishi kwenye uwanja wa nyasi na kuruka chini, mbali na miji mikubwa, haina ulazima wa kifaa hicho, na wapo wazee walioapa hawatakiweka. Wapo waliojiunga na mipango ya faragha inayobadili msimbo au kuficha jina. Na kuna mabonde ambako hakuna antena ya kusikia. Kwa hiyo idadi ya zilizoonekana ni sakafu: zilizo hai haziwezi kupungua hapo, zinaweza kuzidi.

Kuzidi kwa kiasi gani? Hapa inafaa mbinu ambayo Mdenmark Petersen aliitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Lincoln kwa bata mwaka 1930. Unavua, unatia alama, unaachia, unavua tena, unatazama wangapi kati ya wa mara ya pili wana alama. Kwa ndege, alama tayari ipo mkiani. Tuseme Julai umekwenda Oshkosh, Wisconsin, kwenye maonyesho makubwa ya EAA, chama cha wapenzi wa ndege za kujiundia, ukaandika namba za RV 600 zilizoegeshwa kwenye nyasi. Oktoba ukachukua orodha ya RV 2,000 zilizosikika kwa ADS-B. Ukilinganisha, 300 kati ya zile 600 zimo. Yaani nusu ya ulizotia alama zimeonekana tena, hivyo huenda orodha ya Oktoba imenasa nusu ya zote. Nusu ni 2,000, zote ni 4,000. Namba hizi ni za mfano, ila hesabu ni hiyohiyo.

Utamu wake umo katika kujua inakosea upande gani. Mbinu inadhani kila ndege ina nafasi sawa ya kunaswa, na hilo si kweli. Anayeruka umbali wote ule kwenda Oshkosh ni mtu anayeruka sana, ana vyombo vipya, na Oktoba atasikika tena. Waliotiwa alama wanaonekana mno, zile 300 zinakuwa nyingi kuliko haki, na jumla inatoka ndogo. Wale wa uwanja wa nyasi hawamo Oshkosh, hawamo kwenye ADS-B. Kwa hesabu hii hawapo duniani. Geuza mambo: orodha moja ikitoka Oregon na nyingine Florida, zinazokutana zitakuwa chache kwa sababu ya umbali tu, na jumla itavimba. Mhesabuji mzuri hufanya jozi kadhaa za orodha na kusema kila moja inavutia wapi.

Nikilazimishwa kutaja namba kwa dunia nzima, ningeifanya hivi, makadirio yakiwa ni yangu. Naanza na 11,000 zilizowahi kuruka, na nachukulia RV ya kawaida ina miaka 15 tangu iruke. Kila mwaka baadhi hupotea moja kwa moja, kwa ajali, upepo mkali, moto au kufunguliwa kwa ajili ya vipuri. Zikipotea asilimia 1 kwa mwaka, baada ya miaka 15 zinabaki karibu 9,460. Kati ya hizo, tuseme asilimia 80 ziliruka mwaka uliopita: takriban 7,600. Nikiwa mkarimu, upotevu nusu ya asilimia na zilizo hai asilimia 90, napata kama 9,200. Nikiwa mchoyo, upotevu asilimia moja na nusu na zilizo hai asilimia 70, zinashuka hadi kama 6,100. Kwa hiyo ningesema kati ya 6,000 na 9,000, na ningemtilia shaka anayenipa tarakimu nne kamili. Kumbuka pia kwamba namba ya kuanzia inakosa wale ambao hawakutoa taarifa, na hao wanasukuma kila kitu juu kidogo.

Ugomvi unaobaki si wa hisabati. Je, Harmon Rocket, ambayo John Harmon aliizalisha kutoka RV-4 kwa kuipa injini kubwa na kubadili umbo, ni RV? Wenyewe wanasema hapana, na mimi nakubaliana nao. Je, RV-12 zilizouzwa zikiwa zimekamilika zihesabiwe pamoja na za gereji? Kama unapima usalama wa kazi ya mikono ya raia, zitoe. Kama unapima umbo la ndege, ziache. Na kuna Air Beetle za Nigeria, ambazo jeshi la anga la nchi hiyo lilizipata kwa kuifanya RV-6A kuwa ndege ya mafunzo na kuziunda Kaduna. Kwa chuma na umbo ni RV. Lakini zilikuwa ndege za jeshi, hazimo kwenye daftari la raia, hazikuundwa na mtu kujiburudisha, na hakuna mwanafunzi wa urubani wa Kaduna aliyeipelekea Oregon picha ya safari ya kwanza. Mimi ningeziweka kwenye mstari wake peke yake, chini ya jedwali.